Mwalimu anasema hanioni kwenye kazi zangu: nifanye nini?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa grafiki. Yuko Tabora, anasoma kwa masafa kwenye chuo cha nje ya nchi. Kazi anatuma kwa intaneti, na maoni ya mwalimu yanamrudia kwa maandishi siku kadhaa baadaye. Muhula uliopita alituma kazi tatu: bango la tamasha la muziki, lebo ya asali ya kikundi cha wafugaji nyuki wa kwao, na jalada la kitabu cha hadithi za watoto. Akaambiwa kazi ni safi ila zingeweza kuwa za mtu yeyote. Mwalimu anauona mtindo wa Uswisi, anaziona picha za mtandao wa Pinterest, mwenye kazi hamwoni. Akazirudia zote tatu, safari hii akatia ngao ya Kimasai, twiga wa Tingatinga na pindo la kanga. Majibu yakawa makali kuliko ya kwanza. "Shikamoo," anaandika. "Naomba unisaidie. Huyo mimi anayetafutwa yuko wapi, na nitampataje nikiwa peke yangu chumbani na laptopu na bando la kuungaunga?"

Marahaba, mdogo wangu. Kazi zako nimezifungua zote, za mwanzo na za marudio, nikazikuza mpaka herufi moja ikajaa kioo. Jicho unalo, na mkono unao. Rangi unazipanga vizuri kuliko watu wengi wanaolipwa kwa kazi hii hapa Dar. Kwa hiyo nisikuzungushe: mwalimu wako amekwambia jambo moja mara mbili, nawe ukasikia mawili. Mara ya kwanza ulivaa nguo ya Uswisi, mara ya pili ukavaa nguo ya duka la vinyago, na yeye alikuwa akiuliza nani yuko ndani ya nguo. Mtu aliyekuvutia ataonekana kwenye maamuzi yako, yaani kwa nini herufi hii na si ile, kwa nini hapa pamebaki wazi, kwa nini rangi mbili na si sita. Akionekana kwenye mapambo tu, bado hujamsoma. Na kwa kuwa unasoma kwa masafa, una tatizo la pili juu ya hilo: hata pale ulipoamua jambo kwa akili yako, mwalimu hakupata nafasi ya kukuona ukiamua. Amepata PDF iliyokwisha.

Nianze na bango, maana ndilo lenye mengi.

Umeandika kwamba unampenda Josef Müller-Brockmann, msanifu wa grafiki wa Uswisi. Chaguo zuri. Bango lake la Beethoven la mwaka 1955, lile la matao yanayozunguka alilolifanyia ukumbi wa Tonhalle wa Zurich, mpaka leo linanisimamisha. Lakini jiulize watu wale walikuwa wanatatua tatizo gani. Uswisi ni nchi ya lugha kadhaa. Jarida la Neue Grafik, ambalo yeye na wenzake watatu walilianzisha mwaka 1958, lilichapwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa pamoja. Ukiwa na maandishi ya lugha tatu yanayosema jambo moja, na yote yanataka heshima sawa, gridi, ile mistari isiyoonekana ya kupangia ukurasa, inakuwa lazima kabla haijawa urembo. Wewe umechora gridi ya safu nne kwa ajili ya bango lenye maneno tisa ya lugha moja. Safu mbili hazina kazi kabisa, zipo kwa sababu kwenye picha uliyoiona zilikuwepo.

Halafu fonti. Umetumia Helvetica, ile iliyotoka mwaka 1957, na umezibana herufi zikakaribia kugusana, kama walivyopenda wasanifu wa New York miaka ya 60 na 70. Kichwa chako kinasema WASANII WAPYA WAWASHA TABORA. Hapo sasa nataka ukuze mpaka asilimia mia nne tuangalie pamoja.

Angalia NII ya mwisho wa neno la kwanza. Hizo ni nguzo zilizosimama wima, moja baada ya nyingine. Ukizibana zinakuwa uzio, na jicho halijui N imeishia wapi. Sogea kwenye WAWA. A na W zina mishazari inayolala upande mmoja, kwa hiyo zinaweza kuingiliana sana bila kudhuru kitu. Nenda mpaka TABORA: bawa la T limeelea hewani na mguu wa A umekimbia chini kulia kwake, kati yao pana tundu ambalo hata mtu aliyeko ng'ambo ya barabara ataliona. Umekaza mstari mzima kwa kipimo kimoja, kwa hiyo pa kubanwa hapajabanwa na pa kuachiwa hapajaachiwa. Kitabu chochote cha taipografia kitakufundisha kurekebisha TA na WA kwa mkono. Ila waandishi wake hulichukulia kama suala la neno moja hapa na pale. Kwetu hakuna kichwa cha habari kinachopona. Ukitaja watu tu, WA imeingia. Kitenzi chao kikifuata, WA nyingine. Viunganishi vyetu ni YA na WA na ZA na LA. Andika WAFANYAKAZI WA TAWI LA TAWA kwa herufi kubwa uone shughuli.

Mtu akikaa na jambo hilo kwa wiki moja, akajaribu fonti tano, akagundua ipi ina A yenye tumbo jembamba na W isiyotanuka sana, akaamua kuacha kabisa herufi kubwa kwa sababu "Wasanii wapya wawasha Tabora" kwa herufi ndogo ina mdundo mzuri wa w na a na y, mtu huyo amefanya uamuzi ambao mwalimu wake wa Ulaya hawezi kuupata Pinterest. Ningekuwa mimi ningelichukua neno wawasha peke yake nikalifanya lijae bango zima, majina ya wasanii yakakaa chini madogo. Lakini hilo ni langu. Wewe tafuta lako.

Na tukiwa hapohapo kwenye herufi, jalada la kitabu. Jina la hadithi lina neno "ing'aayo", na wewe umeweka kile kialama kilichosimama wima kama msumari, ambacho watu hukitumia kuonyesha futi na dakika. Tumia apostrofi yenyewe, ile yenye kichwa na mkia, halafu isogeze karibu na g, kwa sababu kwa ukubwa wa jalada inaacha pengo ambalo mtoto atasoma kama maneno mawili. Ndani ya kitabu umepanga aya ziwe sawa pande zote mbili kwenye safu nyembamba. Kiswahili kina maneno marefu. "Yatakayowafurahisha" likikataa kuingia kwenye mstari, mstari uliotangulia unabaki na maneno matatu yaliyotawanyika. Panga kushoto, acha kulia kuwe kama kutakavyokuwa. Ukilazimika kukata neno, kata mwenyewe kwa silabi, wanafu-nzi, maana programu iliyowekwa Kiingereza itakukatia wanafun-zi na haitakuomba radhi.

Mambo haya madogo nayarefusha kwa makusudi. Ukiyashughulikia, tayari unaonekana.

Sasa ngao na twiga. Sitaki kukukataza kutumia vitu vya nyumbani. Nataka uvisome kama ulivyopaswa kuwasoma wale Waswisi, kwa kuuliza kilichosababisha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Alichora juu ya hardboard, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupaka baiskeli. Rangi ya namna hiyo haichanganyiki kwa upole kama rangi za wachoraji wa shule; unapaka tabaka, unasubiri likauke, unapaka juu yake. Ndiyo maana picha zile ni bapa, mipaka yake ni mikali, na nukta zimekaa juu ya rangi bila kuzama. Mtindo umetoka kwenye kopo. Wewe umemchukua twiga, ukamwekea kivuli kinachofifia taratibu kwa kubofya kitufe. Umechukua mnyama ukaacha rangi, na Tingatinga alikuwa kwenye rangi.

Kanga nayo hivyo hivyo. Pindo umelipunguza likazunguka lebo ya asali kwa urefu wa milimita sita. Pindo limechorwa kwa nguo yenye upana wa kama mita moja na nusu, lionekane mtu akipita upande wa pili wa uwanja. Ukilishusha hadi milimita sita linakuwa vumbi, na mashine ya kuchapa italiziba kwa wino. Lakini kaa na kanga yenyewe, ya mama au ya bibi, itandaze kitandani. Pindo linafunga pande zote nne. Mji umekaa katikati na unabeba picha. Jina liko chini ya mji, mara nyingi herufi kubwa, mstari mmoja, ndani ya kijisanduku chake. Rangi chache. Hiyo ni gridi, na imefanya kazi vizazi kadhaa kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia neno gridi. Angalia pembeni pia: kanga za Mombasa za "Mali ya Abdulla" zimeweka jina la mwenye mali ukingoni, dogo, na bado mnunuzi analitafuta hapo kwanza. Ukijiuliza kwa nini jina la kanga ni moja, halina maelezo ya pili wala ya tatu, utaanza kufuta maneno kwenye lebo yako. Unayo "asali halisi", "asali safi", "asali ya asili" na "100%" kwenye uso mmoja. Chagua moja.

Mfano wa nje wa jambo hili, ninaopenda kuwapa wanafunzi, ni Olimpiki ya Meksiko ya mwaka 1968. Kamati ilikuwa chini ya msanifu majengo Pedro Ramírez Vázquez, na kwenye kazi za grafiki walikuwamo Eduardo Terrazas, Mmeksiko, na Lance Wyman, kijana wa Kimarekani. Njia rahisi ilikuwa kuchora piramidi na mtu mwenye kofia pana. Hawakufanya hivyo. Wahuichol, wenyeji wa milima ya magharibi ya Meksiko, hutengeneza picha kwa kubandika nyuzi za rangi kwenye ubao uliopakwa nta ya nyuki. Uzi unafuata umbo, uzi mwingine unaufuata wa kwanza, mpaka ubao unajaa mistari inayosambaa. Kikosi kile kilichukua mwendo wa mistari hiyo, wakauoanisha na sanaa ya kuchezea macho iliyokuwa ikivuma ulimwenguni miaka hiyo, na nambari 68 ikazaliwa kutoka kwenye zile pete tano za Olimpiki, mistari ikiendelea kupanuka mpaka kwenye herufi za jina la nchi. Ikapakwa kwenye mabango, tiketi, nguo za wahudumu. Hakuna picha ya kitu chochote cha Kihuichol humo, lakini chanzo kinajulikana.

Sisemi njia hii haina mwiba. Wahuichol wenyewe hawakuwa kwenye meza ya wasanifu, na swali la nani anafaidika na mchoro wa nani halijaisha. Kwako wewe lina sura ya karibu zaidi: ngao ile si ya kwenu. Wewe ni mtu wa Tabora. Kwa nini Umasai ndio uliokujia kwanza? Nadhani ni kwa sababu ndio unaouzwa kwa watalii, na mwalimu wako akiwa mbali ulimfikiria kama mtalii. Tabora ina mizinga ya magome ya miti inayoning'inia miombo, ina stesheni ambapo reli ya kati inagawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, ina maembe mengi kuliko subira ya kuyala. Sikwambii uviweke hivyo navyo kama mapambo mapya. Nakwambia ulikuwa umekaa katikati yake ukaenda kununua ngao.

Kama maktaba ya chuo chako inafunguka kwa mtandao, mtafute Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, aliyesomea Marekani akarudi Harare kuanzisha shule ya grafiki ya ZIVA. Kitabu chake cha mwaka 2004, Afrikan Alphabets, kimekusanya mifumo ya kuandika ya bara hili. Usikinakili. Kisome uone kwamba hapa watu wamepanga alama kwa akili muda mrefu.

Turudi kwenye lebo, maana hii ndiyo kazi yako yenye mteja halisi na ndiyo itakayokulea. Umeifanya kwa plastiki inayoonyesha ndani ili rangi ya asali ionekane, na maandishi umeyaweka ya kahawia. Kwenye kioo cha laptopu inapendeza kweli, kwa sababu nyuma ya maandishi uliweka rangi ya dhahabu iliyotulia. Kwenye chupa, nyuma ya maandishi kutakuwa na asali. Asali ya miombo inaweza kuwa nyeusi kama chai ya rangi, na kahawia juu yake haisomeki. Ikikaa kwenye baridi inaganda, inakuwa nyeupe na mabonge upande mmoja. Na mteja akishakula nusu, nusu ya lebo inakaa juu ya chupa tupu. Kwa hiyo mandhari yako yatabadilika mara tatu kabla chupa haijaisha. Chapa kwenye karatasi nyeupe ya gundi, au kama lazima plastiki iwe ya kuona ndani, omba mchapaji aweke wino mweupe chini ya maandishi, na ulizia bei kabla hujamwahidi mwenye kikundi.

Msimbo wa mistari (barcode) umeupaka rangi ya machungwa iliyoiva ili ufanane na lebo. Mashine nyingi za kaunta zinasoma kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu au ya machungwa kwenye nyeupe haionekani kabisa kwa mwanga huo. Kwa mashine, umeacha nafasi tupu. Weka nyeusi juu ya nyeupe. Ukubwa wa kawaida wa msimbo wa tarakimu 13 ni karibu milimita 37 kwa 26, na unaweza kuushusha hadi asilimia 80, si chini ya hapo. Wako umeufanya wa milimita 15. Acha pia uwazi kushoto na kulia kwake, usisogeze pambo karibu, na kwenye chupa nyembamba ya mviringo uulaze mistari yake ikae kama ngazi, vinginevyo mistari ya pembeni inapinda na kupotea. Ile alama ya TBS, shirika la viwango, uliyoipachika pale chini iondoe leo. Ni ya bidhaa iliyopewa leseni ya kuitumia, na kikundi chako hukuniambia kama wanayo.

Mengine ya kiwandani nayapitia haraka: faili iwe CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapa, kwa sababu lile chungwa kali la kioo litafifia kwenye wino na ni bora ulione mapema, picha ziwe 300 dpi (nukta kwa inchi) kwa ukubwa wa mwisho, maandishi madogo yawe nyeusi tupu asilimia 100, siyo nyeusi ya rangi nne, ongeza milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu, fonti zigeuze kuwa michoro kabla ya kutuma, ukibaki na nakala yako inayoharirika.

Sasa hilo la masafa. Watu wanalalamikia intaneti na umeme, na kweli vinasumbua, lakini hasara kubwa ya kusoma peke yako ni ukuta. Kwenye chuo cha kawaida kazi zenu zinabandikwa ukutani zote pamoja, mnasimama mbele yake, na bila mtu kusema neno unaona yako imenyamaza pembeni ya ya mwenzako. Wewe huna ukuta huo. Kila kazi yako unaiangalia kwenye kioo kile kile, umbali ule ule, nuru ile ile, usiku.

Utengeneze. Nenda duka la fotokopi, toa bango lako A4 nyeusi na nyeupe, ubandike kwa gundi ya karatasi mahali watu wanapopita, ikiwezekana pembeni ya mabango mengine halisi. Rudi nyuma hatua nne. Kisha mwombe muuzaji aliangalie kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, umgeuze, umuulize amekumbuka nini. Usimuulize kama ni zuri. Atakwambia zuri, watu wetu wana adabu. Akikumbuka rangi na hakukumbuka tarehe, umepata mrejesho mzito kuliko kurasa mbili za mwalimu. Lebo ya asali ipeleke kwa wafugaji nyuki wenyewe wakiwa kundi, uone wazee wanaishika umbali gani na macho yao.

Kwa upande wa mwalimu, mpe njia uliyopita. Vyuo vya sanaa vya masafa vimelijua hili zamani. Open College of the Arts cha Uingereza, ambacho Michael Young alikianzisha mwaka 1987, kilizoea kuwataka wanafunzi watunze daftari la kujifunzia linaloonyesha walivyojaribu, walivyoona na walivyobadili mawazo. Chuo chako nadhani kina kitu cha namna hiyo na wewe umekuwa ukikijaza siku ya mwisho usiku, maana maelezo yako yote yana tarehe moja. Daftari halihitaji bando kubwa. Chora kwa kalamu, piga picha kwa simu, ipunguze, tuma kurasa nane za michoro iliyokataliwa na sentensi moja chini ya kila mmoja: huu nimeuacha kwa sababu fulani. Faili yote itakuwa nyepesi kuliko video ya dakika moja. Mwalimu akiona WAWA yako imejaribiwa kwa fonti tano, hatauliza tena uko wapi.

Na usiandike "naomba maoni". Swali la jumla linaleta jibu la jumla. Andika: nimeshindwa kuchagua kati ya hii yenye jina kubwa na hii yenye uwazi mkubwa, ya kwanza inasomeka mbali ila inafanana na tangazo la siasa, wewe unaonaje? Atalazimika kushuka kwenye kazi yenyewe.

Tafuta wenzako wanne au watano wa kozi, wa nchi yoyote, mfungue kundi la WhatsApp lenye sheria moja: kazi ikitumwa, mwenye kazi ananyamaza mpaka wote wamesema wanachokiona. Siyo wanachopenda, wanachokiona. Ujumbe wa sauti unatosha. Huko Tabora, tafuta pia fundi wa kuandika mabango ya maduka kwa brashi, bado wapo. Kaa naye mchana mmoja. Utaona anavyopiga mistari miwili ya chaki, anavyohesabu herufi kabla hajachovya brashi, na anavyoisogeza A iingie chini ya bawa la T bila kompyuta kumwambia. Mnunulie soda, usimwambie yeye ni mwalimu wako, atapandisha bei.

Kuhusu programu, umeniuliza kama inakupasa ulipie. Kwa kiwango chako Inkscape, GIMP na Scribus zinatosha. Zote ni za bure, ukishazipakua hazidai intaneti, na kazi hizi tatu zingetoka humo. Wachapaji wengi wa hapa bado wanapenda CorelDRAW, basi wape PDF na mazungumzo yaishe. Fonti pakua zenye leseni huria, mara moja, uzihifadhi. Fonti za wizi acha. Mara nyingi zimepoteza jedwali la nafasi za herufi njiani, na ndipo TA yako inapotoboka.

Umeuliza pia kama waajiri wanadharau cheti cha masafa. Wapo, hasa kwenye ofisi za umma zinazopenda mihuri. Hakikisha chuo kinatambulika kabla hujaendelea kulipa ada, na tuna Chuo Kikuu Huria tangu mwaka 1992, kwa hiyo masafa si jambo geni nchini. Kwenye wakala wa matangazo na viwanda vya uchapaji wanafungua potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako. Weka kazi tano, si ishirini, na angalau mbili ziwe zimechapwa kweli na kupigwa picha mkononi mwa mtu.

Kwa muhula huu usizirudie zote tatu. Bango liache mpaka likizo, jalada rekebisha apostrofi na aya tu. Lebo ianze upya: karatasi nyeupe, rangi mbili, jina moja la asali, msimbo mweusi. Kabla hujaituma kwa mwalimu, ibandike kwenye chupa yenye asali ndani, uipige picha mbili, moja juani na moja kwenye rafu ya duka kati ya bidhaa nyingine, uziambatanishe na zile kurasa za michoro uliyoikataa. Nakala unitumie na mimi. Sanduku la maswali ni hili hili.